Gari Kongwe, Injini ya Ukoo Mwingine

Mtu akikwambia amebadilisha injini ya gari lake, bado hajakwambia lolote. Huenda injini ilinoki, akanunua nyingine ya aina ileile, akaifunga na kuendelea na shughuli zake. Huenda alichukua injini ya ukoo uleule ila kubwa zaidi, inayokaa kwenye mauntingi zilezile bila ubishi. Au huenda alikata bati, akachomelea mauntingi mpya, akafupisha propela, akabadili difu, rejeta, pampu ya mafuta na nyaya zote, ili injini ya kampuni nyingine kabisa ikae mahali ambapo haikutarajiwa na aliyelichora gari hilo. Kazi ya kwanza inaisha ndani ya siku chache. Ya tatu inaweza kula miaka na akiba ya mtu. Kiswahili chetu cha kila siku kinaziita zote tatu kwa kitenzi kimoja, nami kitenzi hicho hakinitoshi.

Gari nitakalolishika kama mfano ni Datsun 240Z. Nissan ililileta kwenye soko la Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Marekani, aliyekuwa kiongozi wa Nissan kule, Yutaka Katayama, alilikataa jina hilo, akaagiza gari liuzwe kwa namba na herufi tu: 240Z. Namba hiyo ilitoka kwenye injini, ambayo ina sentimita za ujazo 2,393, yaani lita 2.4, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo, maana ndiyo itakayotutia mashakani baadaye.

Kuna sababu nyingine ya kulichagua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari wakiwa na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyohiyo akiwa na Lofty Drews. Gari lililobuniwa kwa ajili ya barabara laini za California lilijipatia heshima kwenye vumbi na tope letu. Wako wazee wa Nairobi na Arusha ambao hata leo wakisikia mlio wa silinda sita za Datsun hunyamaza kwanza, wausikilize, ndipo waendelee na mazungumzo.

Tuanze na neno la kuliita gari lenyewe. Gari la zamani ni jina lisilo na heshima wala dharau, linataja umri tu. Kuukuu na chakavu yanataja uchovu wa chombo. Mkweche ni tusi, hata likitamkwa kwa mapenzi. Linalofaa tunalo tayari, nalo ni kongwe, neno tunalompa mwanamuziki aliyeimba tangu enzi za rumba na bado anaweza kuujaza ukumbi. Ukongwe unabeba umri na hadhi kwa pamoja. Gari kongwe ni lile ambalo umri umeliongezea thamani machoni pa watu, na sioni haja ya kutafuta neno jingine.

Kwenye aina ya gari hatujafika mbali hivyo. Gari la michezo ni tafsiri iliyokaa vibaya, kwani anayeisikia kwa mara ya kwanza hufikiria basi la timu ya mpira. Gari la mashindano nalo ni jambo tofauti, maana magari mengi ya namna hii hayajawahi kushindana na chochote zaidi ya taa za barabarani. Mafundi wanasema gari ya spoti, na mimi nawafuata. Nafuata neno lao, ila upatanisho wao siufuati. Gereji nyingi utasikia gari imechemsha, gari haivuti, gari yako iko tayari. Vitabu vinataka gari limechemsha, halivuti, lako liko tayari. Mimi naandika kama vitabu kwa sababu napenda gari na magari vibaki pamoja kama yai na mayai, lakini simsahihishi fundi aliyelala chini ya chesisi.

Wanaistilahi wetu hawakulala. BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, ilianzishwa mwaka 1967, na miaka ishirini baadaye Rajmund Ohly alitoa kamusi yake ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi kama hizo zinastahili shukrani. Lakini kamusi ya namna hiyo inaanzia kwenye nomino ya kigeni na kuitafutia nomino ya kwetu, ilhali uhai wa Kiswahili cha gereji uko kwenye vitenzi. Nomino za fundi nyingi ni za kukopa, nazo hazimsumbui: kabureta, pistoni, gasketi, beringi, ekzosi. Vitenzi vyake ni vya hapahapa, na ndani yake kuna fikra nzima ya kazi.

Kasimame gereji wakati injini inashushwa, mathalani pale Gerezani, Dar es Salaam. Mmoja anashika mnyororo wa cheni bloku. Wa pili yuko chini na jeki, anaizuia gia boksi isianguke. Wa tatu ameegemea fenda, macho yake hayabanduki kwenye nafasi iliyobaki kati ya injini na ukuta wa dashibodi. Inua. Tena. Simama, kuna waya wa stata umenasa. Toa. Haya, inua, vuta kwako, vuta, isiguse bati. Injini inapanda hewani, inaning'inia huku oili ikidondoka kutoka kwenye sampu, na bado kazi yote hiyo inaitwa kushusha injini. Mnyororo unapanda, kitenzi kinashuka. Nililitafakari jambo hili muda mrefu kabla halijanikaa sawa. Fundi hataji mwelekeo wa mnyororo, anataja uhusiano wa mzigo na chombo. Kinachotoka chomboni hushushwa, awe abiria, liwe gunia, iwe injini. Kinachoingia hupandishwa au hupakiwa, na injini ikirudi ndani, hufungwa.

Kufunga na kufungua ni jozi ninayoipenda kuliko zote. Nyumbani tunafunga mlango, mzigo na ng'ombe. Gereji, kufungua injini ni kuitawanya hadi pistoni ya mwisho, kila nati kwenye kopo lake, na kufunga ni kuirudisha kuwa kitu kimoja kisha kuiweka mahali pake garini. Nimeshaifunga, anasema fundi, na mteja anajua kilichobaki ni oili, maji na kuwasha. Kati ya ncha hizo mbili kuna kulegeza, kukaza, kuchomoa, kuchomeka, kubana, kuunga. Kisha injini inawaka, na hapo mafundi wa Tanzania wana neno linalonifurahisha: sailensi. Ni ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Gari haishiki sailensi, watasema, maana yake injini inapanda na kushuka au inataka kuzima. Neno lililozaliwa likiwa na maana ya ukimya limekuja kuwa jina la mngurumo wa chini uliotulia, na kila mtu kwenye gereji anaelewana na mwenzake.

Lakini kabla ya injini kuna bodi, na kwenye 240Z bodi ndiyo inayomvunja mtu moyo. Bati lake ni jembamba na halikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Huanza kuliwa chini ya betri, kwenye sakafu, kwenye reli zinazopita chini ya sakafu, nyuma ya kila mlango karibu na kizingiti, na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. Fundi bodi hasemi bati limepata kutu. Anasema limeoza, kwa kitenzi kilekile cha embe na nyama, na amepatia. Kutu ya juu huondolewa kwa msasa. Kilichooza hukatwa. Hugonga kwa mpini wa bisibisi akienda sentimita kwa sentimita, na masikio yake yanamwambia palipo na bati na palipo na fila iliyopakwa na fundi aliyemtangulia.

Hapo vitenzi vinatenga fundi na fundi. Kuziba ni kujaza fila kwenye tundu na kupaka rangi juu yake. Kuweka kiraka ni kuchomelea kipande juu ya palipooza bila kukata. Kuunga ni kukata hadi kwenye bati zima, kupinda kipande kipya kwa umbo lilelile, kukichomelea ukingo kwa ukingo na kusawazisha lehemu hadi mkono usiuone mshono. Fundi anayeunga hulipwa zaidi, na haki yake. Inaniuma kuona muuzaji akiandika bodi imetengenezwa. Kutengeneza hakuniambii kama ni fila, kiraka au bati lililoungwa, na tofauti yake itaonekana mvua ya pili ikishapita.

Tupande ngazi moja, tuitazame kazi nzima. Magazeti na televisheni hupenda kukarabati, na hulitumia kwa daraja, zahanati, uwanja wa mpira na gari kongwe bila kubagua. Kukarabati ni kukifanya kitu kifae tena kutumika. Ukitoa kabureta zilizochoka za 240Z na kuweka nyingine za gari tofauti zikafanya kazi, umekarabati, hakuna anayeweza kukulaumu. Kurejesha ni ahadi kubwa zaidi, kwa sababu lazima useme unakirejesha kwenye hali gani na ya mwaka gani. Mwaka 1997 Nissan ya Marekani ilianza kununua 240Z za zamani, kuzifungua kabisa, kuzifunga upya kwa vipimo vya kiwandani na kuziuza kupitia mawakala wake. Hiyo ilikuwa kurejesha. Kuhifadhi ni kazi nyingine tena. Gari la Herrmann lililoshinda mwaka 1971 limo kwenye hazina ya magari ya Nissan kule Zama, Japani, na thamani yake iko kwenye ukweli kwamba ni lenyewe, lile lile lililopita kwetu. Anayelitunza hatafuti kulifanya jipya.

Na kuna kufufua. Wapo wanaoliona neno hili kuwa la makanisani mno kwa kazi ya grisi, lakini mafundi wenyewe ndio waliolitengenezea nafasi. Husema gari limelala, yaani limeegeshwa miaka bila kuwashwa ingawa halina ubovu mkubwa. Husema gari limekufa, yaani injini haizunguki au bodi imeoza hadi kwenye reli. Lililolala huamshwa kwa betri, mafuta mapya na plagi. Lililokufa hufufuliwa. Lugha imeshayapanga haya, sisi waandishi ndio tunaoyavuruga kwa kuandika ukarabati kila mahali.

Sasa injini. Ile iliyotoka kiwandani na 240Z inaitwa L24. L ni ukoo, 24 ni lita 2.4. Ukoo huohuo una L28, yenye sentimita za ujazo 2,753, iliyokuja na 280Z mwaka 1975. Ukiwa na 240Z ambayo injini yake imechoka, ukaiweka L28, mauntingi zinapokea, gia boksi inapokea, gari linavuta vizuri kuliko lilivyozaliwa, na mtu asiyesoma namba iliyopigwa kwenye bloku hatatambua. Hapa kubadilisha ni neno halali kabisa. Umetoa, umeweka, chombo hakikulazimika kubadilika.

Halafu kuna anayetaka V8. Mara nyingi siku hizi ni LS1, injini ya aluminiamu ya lita 5.7 ambayo General Motors iliiweka kwanza kwenye Corvette ya mwaka 1997. Ujazo wake ni zaidi ya mara mbili ya L24, lakini kwa kuwa ni aluminiamu, uzito wake haupishani sana na ule wa silinda sita zenye bloku ya chuma, na kwa kuwa ni fupi, inakaa nyuma kuelekea dashibodi, gari lisilemewe puani. Ndiyo maana inapendwa. Lakini tazama inachodai. Mauntingi zitengenezwe upya. Sampu ichaguliwe au ikatwe isigombane na mtambo wa usukani. Kabureta za L24 ziliridhika na pampu inayosukuma mafuta kwa msukumo wa paundi tatu au nne kwa inchi ya mraba. Nozeli za LS1 zinataka 58, kwa hiyo pampu, mabomba na mara nyingi tangi lenyewe vibadilishwe. Rejeta iwe kubwa zaidi. Wayaringi ya injini inayoongozwa na kompyuta iingizwe kwenye gari ambalo kompyuta ilikuwa haijafikiriwa. Gia boksi mpya inaleta propela ya urefu mwingine. Difu ya asili, R180, inaitwa hivyo kwa sababu gurudumu lake kubwa la meno lina kipenyo cha milimita 180, na wengi huitoa wakaweka R200 ya Z za baadaye, ambayo kwa jina lake tu umeshajua imeongezewa milimita ngapi. Breki zilizotosha injini ya lita 2.4 hazitoshi tena. Na pale ambapo kifaa cha kuunganishia hakiuzwi, fundi atakikereza mwenyewe.

Kukereza! Hili ni neno la Pwani, la mafundi waliokuwa wakizungusha mbao kwenye kerezo ili kupata miguu ya vitanda na nguzo za roshani. Siku hizi karakana nyingi zinasema kuchonga kwenye lethi. Kuchonga ni kwa kinyago na mwiko, mkono ukiamua umbo. Kukereza ni kwa kitu kinachozunguka mbele ya kisu kilichotulia, ndiyo maana umbo lake hutoka duara. Fundi anayetengeneza bushi ya milimita 30 anakereza. Ningefurahi sana neno hili likirudi midomoni mwa wanafunzi wa ufundi wa VETA.

Wanaotaka kubaki kwa Nissan huiendea RB26DETT, injini ya Skyline GT-R ya mwaka 1989. Jina hilo linawatisha wageni wa fani, lakini msemaji wa Kiswahili amezaliwa na kipaji cha kulisoma. RB ni ukoo. 26 ni lita 2.6. D ni kamshafti mbili juu ya silinda, E ni upulizaji wa mafuta unaoongozwa kwa umeme, T mbili ni turbo mbili. Kila herufi inabeba kazi yake na hakuna iliyokaa bure, kama vile hatutawasomeshea inavyobeba ukanushi, nafsi, wakati, mtendewa, mzizi na minyambuliko yake bila nafasi katikati. Kijana wa Kinondoni anayezungumzia 1JZ na 2JZ za Toyota, au dereva wa Land Cruiser anayeisifu 1HZ yake, tayari anafanya uchanganuzi wa maneno, na anaufanya vizuri.

Kwa kazi hii ya tatu, ya injini ya ukoo mwingine, napendekeza kupandikiza. Mkulima wa mpunga anapandikiza miche: ameikuza kitaluni, ameing'oa na mizizi yake, anaipeleka kwenye jaruba lililoandaliwa kuipokea. Hospitalini neno limeshazoeleka, hasa tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017. Kwenye matumizi yote mawili kuna mambo ambayo kubadilisha hakuyasemi: kwamba kinachoingia kilikuwa hai mahali pengine, kwamba mahali pa kukipokea panahitaji kuandaliwa, na kwamba kinaweza kukataliwa. Mwenye 240Z ya V8 aliyekosea rejeta, akawa anachemsha kila akifika kwenye foleni, anajua kukataliwa ni nini.

Nimelipima neno hili kwa kulinyambua, maana istilahi isiyonyambulika haidumu. Injini ilipandikizwa. Mpandikizaji ni nani? Gari hili linapandikizika? Linaitika vizuri. Pana kikwazo kimoja, nacho nimekipenda. Huwezi kusema injini pandikizi kwa raha, kwa kuwa pandikizi la mtu kwa Kiswahili ni mtu mkubwa, jitu la mwili. Kwa V8 ndani ya Datsun maana zote mbili zingekuwa za kweli, lakini istilahi haipaswi kubahatisha. Tuseme injini iliyopandikizwa.

Linabaki swali la jina la gari. 240 ilikuwa hesabu ya injini, na injini hiyo haipo tena. Je, bado ni 240Z? Miaka ya 1970 kulikuwa na karakana California iliyoweka V8 za Chevrolet kwenye magari haya na kuyauza kwa jina jipya, Scarab. Ulikuwa uungwana. Lakini kwa gari moja moja la mtu binafsi jina jipya ni makuu yasiyo na sababu, na nadhani Pwani ilishalijibu swali hili zamani. Vyombo vyetu huitwa kwa umbo: jahazi, mashua, ngalawa, bumu, kila kimoja kinajulikana kwa ubavu, omo na tezi yake. Zilipokuja injini za dizeli, wenye majahazi walitoboa nyuma, wakapitisha mhimili wa rafadha, wengine wakapunguza mlingoti. Hakuna aliyesema chombo kile si jahazi tena. Watu walisema jahazi la mashine. Umbo lilibaki na jina, na kile kiunganishi kidogo cha -a kikaibeba habari mpya yote. Kwa hiyo Z ya V8, Z ya RB. Mkuku wa gari ni chesisi, na kwenye 240Z za usukani wa kulia chesisi hiyo imeandikwa HS30, vyovyote itakavyokuwa injini. Wala hatutakuwa tumekopa kitu kigeni kwa kwenda baharini, maana usukani wenyewe ulikuwa wa vyombo kabla haujawa wa magari, na mataruma yalikuwa mbavu za jahazi kabla hayajalazwa chini ya reli.

Kwa gari ambalo bodi imerejeshwa kwa umbo la kale huku injini, breki na vyuma vya chini ni vya kisasa, Wamarekani wameunganisha maneno mawili kuwa moja. Sisi tunalo chotara. Tuna kuku chotara, tuna mbegu chotara, na hakuna anayelisikia kama tusi kwa kuku wala kwa mahindi: limechukua sifa za pande mbili kwa makusudi. Gari chotara linaeleweka mara moja. Magari ya petroli na umeme yana jina lake, haibridi, nayo yabaki nalo.

Ukiingia leo kwenye karakana za Marekani au Ulaya zinazofufua Porsche 911 za zamani, utakuta mtindo mmoja wa kuzibadili: gari linainuliwa juu, linawekewa springi ndefu, matairi ya meno, bamba la chuma chini ya injini na taa kubwa mbele. Mtindo huo unaitwa safari. Chimbuko lake ni mbio zetu zilizoanza mwaka 1953, na hasa mwaka 1978 ambapo Porsche ilileta 911 mbili zilizoinuliwa namna hiyo, Vic Preston Mdogo akashika nafasi ya pili na Björn Waldegård ya nne. Neno tulilolipata kwa Waarabu, tukalifanya letu kwa karne nyingi za misafara, sasa ni istilahi ya ufundi kwa mtu anayekaza nati huko Los Angeles. Sisi wenyewe hatujalitumia hivyo. Hakuna kinachotuzuia kusema Datsun hii imefungwa kisafari, na kila mtu aliyewahi kusimama kando ya barabara akingoja magari yapite ataelewa imefungwaje.

Haya si mapambo ya lugha tu. Kadi ya gari ya Tanzania ina nafasi ya namba ya chesisi na nafasi ya namba ya injini, na kwenye chumba cha injini cha 240Z kuna kibamba kilichopigwa zote mbili kiwandani. Zikiwa bado zinaoana, gari lina thamani moja. Zisipooana, lina thamani nyingine, ambayo inaweza kuwa ndogo kwa mkusanyaji na kubwa kwa mpenda mwendo. Mwenye gari atakayekaa kimya kuhusu injini iliyopandikizwa anamwachia mnunuzi kadi inayosema uongo, na siku ya ukaguzi au ya ajali anayeulizwa ni aliyeshika usukani.

Kwa hiyo naomba hivi. Fundi, kwenye risiti yako andika kitenzi chenyewe: umeziba, umeweka kiraka au umeunga, umebadilisha au umepandikiza. Unayeuza, andika Datsun 240Z, chesisi HS30, injini L28 iliyobadilishwa, au LS1 iliyopandikizwa, difu R200, sakafu imeungwa upya, na utaje mwaka wa kila kazi. Mhariri, liache ukarabati lipumzike kwenye habari za madaraja. Nawe unayekwenda kununua, kabla hujafungua pochi, liulize gari kwa kitenzi kimoja baada ya kingine, kisha omba kadi, funua boneti, na usome namba kwa macho yako.